Hakitoshi, Mama

Fundi cherehani mzuri wa sokoni Kasulu hutandaza kitenge mezani, akakipima, na kabla mkasi haujagusa kitu husema: "Hakitoshi, mama. Gauni halitoki, ila sketi itatoka." Mteja anabaki na kitambaa kizima na uamuzi wake. Uungwana huo nimeukuta tena mahali nisipoutarajia, ndani ya programu za kufomati.

Huko Kibondo, memori kadi iliyoandikwa GB 16 huweza kufika kwa fundi simu ikiwa imeungua ndani, kompyuta ikaiona ya kilobaiti chache tu. Fundi anaamuru ifomatiwe. Programu isiyotengenezwa vizuri inakufa katikati, bila neno.

Inakufaje? Kabla ya kukupa nafasi, programu hutenga yake: maelezo makuu, ramani za bloku (vipande vya nafasi), orodha ya mafaili. Kinachobaki ndicho chako. Sasa kadi ina bloku 20 na nafasi ya kutengwa inataka 24. Mtoto wa shule atakuambia zimepungua 4. Lakini namba ya kompyuta ya biti 32 isiyojua hasi hujizungusha ikawa 4,294,967,292. Programu inaamini imepata utajiri, inaandika kwenye kumbukumbu isiyo yake, na kompyuta inaizima.

Kazi ya kurekebisha ndiyo ninayoipenda. Mwandishi wa programu hahitaji ile kadi mbovu. Huunda faili tupu la kilobaiti 64, akalifomati kana kwamba ni diski, kisha akalipunguza kidogo kidogo hadi aufikie mpaka wenyewe: hapa inapona, hapa inakufa. Halafu anarudi nyuma kwa nyayo, kwa kuwa mara nyingi mstari ulioanguka si mstari uliokosea. Kosa lilifanyika mbali, kwenye ile hesabu ya kutoa. Anaweka swali moja kabla yake: je, inatosha? Siku nzima ya subira, mistari mitatu. Na lile faili dogo analiacha kama jaribio la kudumu, ili atakayekuja kupanga upya hesabu asiufute ulinzi huo bila kujua.

Rémy Card na wenzake walitoa ext2, mfumo wa mafaili wa Linux, mwaka 1993. Zana zake zimetunzwa kwa miaka mingi na Theodore Ts'o. Ile ya kufomati, mke2fs, ikikuta nafasi haitoshi daftari la mabadiliko, lile linalolinda mpangilio wa mafaili umeme ukikatika, hukuambia wazi kisha huendelea bila daftari. Hiyo ndiyo sketi. Ya XFS, mfumo mwingine wa mafaili, tangu 2022, hukataa kabisa chini ya megabaiti 300. Zote mbili nazikubali, maana zote zimepima kwanza.

Pale Kibondo, fundi mwenye programu ya namna hiyo husoma ujumbe, akaigeuza skrini kuelekea kwa mteja, na kumwonyesha kwa kidole namba halisi ya kadi yake.