Nyumba Njema Si Mlango: Ushairi wa Majumba Yanayouzwa

Wahenga wa Pwani walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumika zaidi kwa watu kuliko kwa nyumba. Humwonya anayeposa kwa kutazama sura pekee. Ikirudishwa kwenye nyumba yenyewe, huwa kipimo kizuri cha uhakiki, na hasa kwa aina moja ya maandishi ambayo wahakiki hawana desturi ya kuyasoma, nayo ni tangazo la kuuza jumba la kale la shamba.

Tangazo hilo lina kwao. Jarida la Kiingereza la Country Life, lililoanzishwa mwaka 1897, limejijengea mila ya kuweka majumba yanayouzwa katika kurasa za mbele, na makala za historia ya majumba ya namna hiyohiyo katika kurasa za ndani. Msomaji hupita sokoni kabla ya kufika maktabani. Matangazo haya yana kanuni zake kama utenzi ulivyo na zake. Hufunguliwa kwa kutaja karne. Hufuata idadi ya vyumba vya kulala, eka za bustani, na dakika za safari ya treni hadi London. Kisha huja kituo chake, ambacho ni nadra kukosekana: jumba limefanywa la kisasa, nalo limehifadhi haiba ya zama zake. Boriti za mwaloni zipo, meko ya mawe yapo. Chini ya sakafu yamepitishwa mabomba ya maji moto, na vyumba vya kulala vina mabafu yake.

Mfasiri akifika kwenye neno hilo la haiba hana budi kusita. Kiingereza hapo hutumia neno lilelile linalotumika kwa tabia ya mtu. Kiswahili hakikubali. Mtu akisema kuwa nyumba ina tabia njema, wasikilizaji watacheka, kwani tabia ni ya mwenye nyumba: namna anavyompokea mgeni, anavyomlipa mtumishi, anavyogawa urithi. Kusita kwa mfasiri kunafichua jambo ambalo tangazo limelipitisha kimyakimya. Limechukua sifa ya watu likaipachika kwenye boriti, kisha likaitia bei.

Washairi wa Kiingereza walilijua tatizo hili kabla ya madalali. Mwanzoni mwa karne ya 17 ilizuka bahari ya ushairi wa kusifu majumba ya shamba, na tungo mbili za awali zinatosha kuonyesha njia mbili ambazo ushairi huo unaweza kufuata.

Utungo wa kwanza ni wa mwanamke, Aemilia Lanyer, binti wa ukoo wa wanamuziki wa Kiitalia waliotumikia ikulu ya Uingereza. Mwaka 1611 alichapisha kitabu chake, na mwisho wake akaweka shairi la kuaga Cookham, jumba lililokuwa karibu na mto Thames. Hapo aliwahi kukaa pamoja na Margaret Clifford, bibi wa ukoo wa makabaila wa Cumberland, na bintiye Anne. Jumba halikuwa mali ya yeyote kati ya wanawake hao watatu. Margaret alikuwa katika mzozo mzito wa mirathi, kwa kuwa mumewe, aliyefariki mwaka 1605, aliusia mashamba yake kwa nduguye wa kiume, na Anne, mrithi wake pekee, akaachiwa fedha badala ya ardhi. Anne alipigania haki hiyo maisha yake yote ya ujana, na mashamba hayakumfikia hadi mwaka 1643.

Msomaji wa Lamu atauona upesi uzito wa jambo hili, kwani katika desturi za waungwana wa mji huo nyumba ya mawe ilikuwa zaidi ya binti. Baba aliongeza orofa, au alivusha wikio juu ya njia, ili bintiye aolewe akiwa kwao. Kwa Lanyer na wenzake hapakuwa na wikio. Ndiyo maana shairi lake karibu halielezi jumba lenyewe. Halihesabu madirisha wala halisifu dari. Linaeleza miti, njia za bustani, na mwaloni mmoja mkubwa ambao wanawake hao walizoea kukaa chini yake. Na siku ya kuondoka bibi anaubusu mwaloni huo. Majani yanaanguka, ndege wananyamaza. Mtindo ni wa mishororo miwili miwili yenye vina vya mwisho, na fani yake wakati mwingine inalegea. Lanyer hurefusha pale ambapo neno moja lingetosha. Lakini maudhui yake hayajachakaa. Anayeondoka huhesabu watu, kwa sababu kuta hatazichukua.

Utungo wa pili ndio ulioshinda kwa umaarufu. Ben Jonson alilisifu jumba la Penshurst, katika jimbo la Kent, na shairi lake likachapishwa mwaka 1616. Ukumbi mkuu wa jumba hilo ulijengwa mwaka 1341 na tajiri wa biashara wa London, na tangu mwaka 1552 jumba limekuwa mikononi mwa ukoo wa Sidney. Jonson anaanza kwa kukana: Penshurst halikujengwa ili watu walionee kijicho. Uzuri wake ni ukarimu. Mgeni hula chakula kilekile anachokula mwenye nyumba, mfalme hufika bila taarifa na kukuta nyumba tayari. Mswahili angelifupisha shairi zima kwa methali moja, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa ustadi wa lugha, Jonson anampita Lanyer kwa mbali. Kila mshororo umekaa mahali pake kama jiwe lililochongwa.

Hata hivyo, ustadi huo una deni. Katika Penshurst ya Jonson, samaki hujitoa wenyewe kwa mvuvi na ndege hukubali kuuawa kwa ajili ya karamu. Raymond Williams, katika kitabu chake The Country and the City cha mwaka 1973, aliuliza swali ambalo lilikuwa halijaulizwa kwa nguvu ya kutosha: wako wapi waliovua, waliolima na waliopika? Shairi limewaondoa kwa upole. Robert Sidney mwenyewe, mwenye jumba wakati huo, alikuwa amelemewa na madeni, na karamu anazosifiwa zilikuwa zikimsumbua kichwa. Jonson hakusema uongo mtupu. Alichagua mlango, akausifu kwa lugha ya ndani.

Hapo ndipo tangazo lilipopata nasaba yake. Dalali ni mrithi wa Jonson asiyejua vina. Alichokifanya ni kukamilisha kazi ya kuondoa watu: kwanza wafanyakazi, kisha wageni, mwishowe wenye nyumba wenyewe, hadi zikabaki boriti peke yake zikisifiwa kwa tabia njema. Mfano mmoja unatosha. Harewood, huko Yorkshire, lilijengwa kuanzia mwaka 1759 hadi 1771 kwa utajiri wa ukoo wa Lascelles, uliotokana na sukari na watumwa wa visiwa vya Karibi. Mwaka 2020 shirika la National Trust lilitoa ripoti iliyotaja sehemu 93 kati ya zile inazozitunza kuwa na uhusiano na ukoloni na utumwa, na ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa. Wengi walikasirika kama kwamba nyumba imetukanwa. Haiba ya zama ilipendwa maadamu zama zenyewe zinanyamaza.

Haki inadai upande wa pili usikilizwe. Majumba hayo hayakufikishwa sokoni na ulafi wa madalali pekee. Tangu miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani iliporomosha mapato ya mashamba ya Uingereza. Mwaka 1894 ikaja kodi mpya nzito ya mirathi. Vita Kuu ya Kwanza ikaua warithi wengi, na watumishi wakaenda viwandani. Mamia ya majumba yalibomolewa. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, liliandaa maonyesho juu ya maangamizi hayo, na orodha ya yaliyopotea ilipita elfu moja. Mbele ya vifusi hivyo, mnunuzi anayeingiza mabomba na kuziba paa si adui wa historia. Wala hakuna fadhila katika kumtaka mtu mwingine aishi katika moshi ili wapita njia wafurahie ukale. Zanzibar inalijua somo hili kwa machungu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Nyumba isiyotengenezwa huua.

Suala basi haliko katika mabomba. Liko katika maneno yanayobaki baada ya mabomba kuingia, na hapa Pwani ina kipimo chake cha zamani. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ulitungwa takriban karne mbili zilizopita, kwa mishororo ya mizani kumi na kina cha kituo kisichobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Mshairi anausemesha moyo wake na kuupitisha katika majumba ya waungwana yaliyokufa. Anayataja mapambo yote ambayo dalali angeyataja: taa, vyombo vya thamani, vidaka vya ukutani. Lakini kila pambo linatajwa ili kuuliza aliko aliyekuwa akilitumia, na wengine wanaulizwa kwa majina yao. Kwa Jonson sifa ya kitu hufunika watu. Kwa Sayyid Abdalla kitu hakitajwi ila kimwite mtu. Kituo kisichobadilika hurudi kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa.

Utungo huo nao haujakamilika kwa kipimo cha Williams. Waliokata matumbawe, waliochoma chokaa na waliobeba boriti za mikoko, wakiwemo watumwa, sio anaowalilia Sayyid Abdalla; kilio chake ni cha mabwana. Kulisema hili hakuupunguzii hadhi yake. Kunaonyesha kazi iliyobaki kwa wanaokuja nyuma yake.

Kazi hiyo ina haraka, kwa kuwa lugha ya tangazo imeshavuka bahari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na nyumba nyingi za mawe za miji hiyo zimepita mikononi mwa wageni au kugeuzwa hoteli. Vidaka vimepakwa chokaa upya na kuwekewa mishumaa. Chumba cha ndani, ambamo watoto walizaliwa na maiti wakaoshwa, kinakodishwa kwa usiku. Biashara ni biashara, na muuzaji huenda alikuwa na ada za shule za kulipa. La kutia wasiwasi ni kwamba baadhi ya mashairi ya Kiswahili yanayosifu miji hiyo yameanza kusomeka kama matangazo hayohayo: beti nzima za milango ya nakshi, misumari ya shaba na baraza, bila jina la mtu hata mmoja aliyewahi kukaa barazani. Vina viko sawa, mizani imetimia, na ndani hamna mtu.

Kwa mashairi ya namna hiyo, Lanyer ni mwalimu bora kuliko Jonson, ingawa Jonson ni fundi zaidi. Mwanamke asiyemiliki hata tofali moja aliondoka Cookham akiwa amehifadhi nani alikaa na nani, chini ya mti upi. Jumba la siku zake halipo tena. Mtu anayetaka kujua tabia yake hana pengine pa kwenda ila kwenye shairi.