Jinsia katika Uundaji wa Msamiati wa Kiesperanto: Uhakiki

Sehemu hii inahakiki istilahi za ujamaa katika Kiesperanto, lugha ya kubuni iliyochapishwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887. Ili kumpunguzia mwanafunzi mzigo wa kukariri, Zamenhof alitumia kiambishi -in- kuunda majina ya kike: patro (baba), patrino (mama). Hakuweka kiambishi cha kiume kinacholingana nacho. Hivyo baba ni mzizi, mama ni mnyambuliko. Kiambishi ge- hutupatia gepatroj, yaani baba na mama kwa pamoja. Lakini mmoja wao asiyetajwa jinsia, ambaye Kiswahili humwita mzazi, hakupewa mzizi wake. Kusema kwamba hili ni suala la uchumi wa msamiati tu hakutoshi. Lugha asilia hurithi upendeleo wake. Mbunifu wa lugha huuchagua. Kiambishi cha kiume -iĉ-, kilichopendekezwa baadaye, kinaonyesha kuwa ulinganifu ungegharimu kiambishi kimoja tu.