Mshahara au Ujira? Uhakiki wa Istilahi ya Kima cha Chini

Miongoni mwa istilahi za sheria za kazi zilizokwisha kuzoeleka nchini Tanzania ni "kima cha chini cha mshahara". Wanasheria na maofisa wa kazi huielewa bila taabu. Lakini istilahi haitungwi kwa ajili ya wataalamu peke yao. Hupimwa pia kwa jinsi inavyomfikia yule inayemhusu. Kwa kipimo hicho, twaiona ina kasoro.

Neno "mshahara" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ingawa matumizi yake yamepanuka, wasemaji wengi bado hulifungamanisha na malipo ya mwisho wa mwezi. Msaidizi wa mama lishe, kijana wa gereji na mpiga randa wa karakana ya uani hupokea hela ya siku, posho au ujira. Watangaziwapo kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda, huona kuwa wanaoambiwa ni watu wa maofisini. Matajiri wao nao huona vivyo hivyo.

Sheria haisemi hivyo. Amri za mishahara za 2013 na 2022 ziliorodhesha viwango kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Aidha, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 chamhesabu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 tu kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, bila kujali sura ya mkataba wao. Kusema "sekta isiyo rasmi" kwazidi kuuficha ukweli huo, kana kwamba biashara isiyo rasmi imewekwa nje ya sheria.

Huenda ikasemwa kwamba neno halimpeleki mkaguzi gerejini. Ni kweli. Lakini mkaguzi hawezi kufika kila uchochoro. Utekelezaji hutegemea sana malalamiko ya mfanyakazi mwenyewe, na asiyejua kuwa anahusika hatalalamika.

Kwa hiyo twapendekeza "kima cha chini cha ujira", na "mshahara" libakie kwa malipo ya mwezi. Neno si geni: Ibara ya 23 ya Katiba, inayotaja haki ya malipo yanayolingana na kazi, yatumia "ujira". Yafaa amri za viwango nazo zifuate lugha hiyo.