Kuokoa Tundu

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo: tak. Nilipovuta racheti ikaja na nusu ya plagi. Nusu nyingine, ile yenye thredi, ikabaki ndani ya injini ya Toyota yangu, silinda ya tatu. Nilikuwa nabana matumizi. Plagi nne, nikajisemea, zinamshinda nani? Kumbe kila injini ilipooshwa, maji yalituama kwenye kisima cha plagi ile, na kutu ikala taratibu. Kamba hukatikia pembamba; plagi hukatikia shingoni, juu kidogo ya thredi.

Gari likavutwa hadi gereji moja Ilala, chini ya mwembe, kwa fundi ambaye jirani yangu alimsifia kwa neno moja tu: "Ametulia." Nilidhani anasifia tabia. Ilinichukua siku mbili kujua kwamba alikuwa anasifia kazi.

Kwanza hakushika chombo chochote. Alimulika kisimani kwa tochi ya simu, akatazama, akanyamaza.

"Bosi, ulifungua injini ikiwa ya moto?"

Nikakiri. Hakunilaumu. Alimgeukia kijana wake, akamweleza yeye badala yangu: hedi ni ya alumini, na alumini ikipata moto hulegea, thredi zake zikachunika kirahisi mbele ya chuma. Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu siku ile.

"Plagi imeshakufa, hiyo tusiihangaikie. Tunaokoa tundu."

Ndivyo ilivyo. Plagi haikosi dukani. Tundu lake lina upana wa milimita 14 na thredi za kina cha milimita 19, kila mzunguko milimita 1.25, yaani mizunguko kama 15 tu ya metali laini. Hiyo ndiyo inayoishikilia plagi injini inapopiga. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila silinda hupiga mara 1,500. Tundu likiharibika, pengine hedi nzima ishushwe, ipelekwe kwa wachonga vyuma, iwekewe bushi.

Akadondosha matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu, akagongagonga kidogo ili yapenye, akafunika kwa kitambaa, akaenda kufunga breki za daladala. Kila baada ya muda alirudi na tone jingine. Jioni akashusha boneti. "Njoo kesho."

Kesho yake alianza na kazi ambayo sikuitegemea. Ncha ya kauri ya plagi ilikuwa imepasuka humo ndani, na vipande vyake ndivyo alivyoviogopa. Kauri ile nyeupe ni alumini iliyoungana na oksijeni, ndugu wa hedi kabisa, ila ni ngumu kiasi cha kukwaruza ukuta wa silinda. Kwa hiyo alitaka pistoni ya tatu isimame juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, ili takataka yoyote itakayodondoka iishie karibu na mkono.

Akafungua plagi tatu nzima, akaziba tundu la pili kwa kidole, akamwambia kijana azungushe puli kwa boksi, polepole. Injini hii hupiga kwa mpangilio wa 1-3-4-2, hivyo pistoni ya pili na ya tatu hupanda na kushuka pamoja, ila moja ikiwa inabana hewa, mwenzake anatoa moshi. Mara ya kwanza pistoni ya pili ilipopanda, hewa ikakisukuma kidole chake. "Endelea." Mara iliyofuata ilipanda kimya. "Simama hapo." Ukimya wa silinda ya pili ulimwambia kwamba ya tatu imefunga milango yake.

Ndipo akatoa chuma chake cha pembe nne, chembamba nchani, alichokichonga kutokana na tupa kuukuu. Tupa ni ngumu lakini hukatika kama biskuti, kwa hiyo kabla ya kuichonga aliipasha moto mpaka ukali wa ugumu wake ukapungua. Akaiingiza ndani ya kipande cha plagi, akaigonga kwa nyundo ndogo mara tatu. Nikasubiri ya nne, haikuja. Ukigonga kwa hasira unakitanua kipande, nacho kinazidi kubana thredi.

Akafunga mkono wa T, akaushika pande zote mbili kwa nguvu iliyo sawa ili chuma kisiegemee popote. Robo ya mzunguko kufungua, kisha anarudisha kidogo. Robo nyingine, anarudisha. Katikati ya safari ikatoka sauti nyembamba, kwii. Mikono ikasimama palepale.

"Dogo, umesikia? Hiyo alumini inalia."

Tone la mafuta. Akairudisha ndani karibu mzunguko mzima, akasubiri, akaanza tena. Mizunguko 15 ilichukua dakika arobaini. Kipande kilipotoka alikiweka juu ya gazeti bila hata kukitazama. Macho yalikuwa tunduni.

Sumaku haina kazi hapo, maana kauri na alumini haziifuati. Alipaka grisi kwenye kijiti cha mshikaki, akaokota vipande kimoja kimoja, kisha akapuliza kwa bomba jembamba la kompresa. Halafu akachukua mojawapo ya plagi zangu za zamani, akaikata mfereji ubavuni kwa msumeno wa chuma, akaujaza grisi, akaizungusha tunduni kwa vidole. Haikati thredi mpya. Inafagia zilizopo, na uchafu unanasa kwenye grisi. Nilianza kuona kwamba vyombo vyake vingi amevichagua kwa udhaifu wao: kijiti, grisi, kidole, plagi iliyostaafu.

Plagi mpya nayo haikuanza na racheti. Aliivalisha kichwani kipande kifupi cha mpira wa mafuta, akampa kijana, akaenda kunawa mikono kwa sabuni ya unga. Plagi ikiingia upande, mpira huteleza kabla alumini haijaumia.

Ukateleza. Fundi alisikia, nina hakika, maana mikono ilitulia ndani ya ndoo. Hakugeuka. Kijana akazungusha kinyume, taratibu, mpaka plagi ikadondoka kidogo kwenye mwanzo wa thredi, kisha akaisogeza mbele. Ikaingia bila sauti.

Fundi akaendelea kunawa.