Akiba Haiozi: Namna ya Kuikagua Ampu Ndogo ya Transista

Ampu ya akiba haipimwi kwa mizani ya ampu kuu. Ampu kuu unaipenda kwa utamu wake. Ya akiba unaiuliza swali moja tu: kubwa ikizimika katikati ya sebene, hii ndogo itaubeba wimbo hadi mwisho bila watu kuacha kucheza? Wapiga gitaa wengi hununua ampu ndogo kwa kutazama bei na wingi wa vitufe, wakaitupia nyuma ya gari la vyombo, wakaisahau. Siku inapohitajika ndipo wanapogundua kwamba inatosha kwa chumbani, haitoshi kwa jukwaani.

Ampu ndogo ya bei nafuu inaweza kuwa chombo kizuri kabisa, ila uzuri wake hauko pale muuzaji anapouonyesha.

Kwa nini transista

Ampu ya valvu huhitaji kama nusu dakika ipate moto kabla ya kutoa sauti, na valvu zenyewe ni chupa za kioo zinazosafiri juu ya matuta na makorongo. Ya transista ukiwasha imewaka. Haina valvu za kubadilisha wala transfoma nzito ya kuendesha spika, ndiyo maana unaibeba kwa mkono mmoja, gitaa kwa mkono wa pili.

Udhaifu wake unajulikana. Ikizidiwa, valvu hulainisha sauti taratibu, lakini transista huikata ghafla, ikatoka na mikwaruzo mikali isiyopendeza. Mpiga roki anayetaka gitaa lingurume ana haki ya kulalamika. Ila dansi, rumba na benga zinataka nini? Zinataka nyuzi zisikike moja moja, sauti nyoofu inayong'ara juu ya tarumbeta na tumba. Usipoifikisha mahali pa kuzidiwa, udhaifu huo husikii. Roland imetengeneza JC-120, ampu ya transista inayosifika dunia nzima kwa usafi wa sauti, tangu 1975. B.B. King naye kwa miaka mingi alipigia Lab Series L5, ambayo pia ni ya transista. Hakuna aliyemdharau.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafuta ni hii: inapanda hadi wapi ikiwa bado safi?

Usidanganywe na wati

Namba kubwa zilizobandikwa kwenye redio za madukani, zile za PMPO, zitie kapuni. Tafuta wati halisi, zinazoandikwa RMS. Hata hizo zisome kwa akili. Kutoka wati 15 hadi 30 sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushtuka. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati mara kumi hivi.

Spika ndiyo inayoamua mengi. Kila spika ina kipimo cha wepesi wake: desibeli ngapi kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Spika ya desibeli 100 inaizidi ya 94 kwa desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Maana yake, wati 20 kwenye spika nyepesi hufanya kazi ya wati 80 kwenye spika nzito. Muuzaji akikuwekea ya wati 40 yenye spika ya inchi 6 na ya wati 25 yenye spika nzuri ya inchi 10 au 12, anza na ya pili. Spika kubwa pia huipa sauti ya gitaa kifua. Ile ndogo mara nyingi hutoa sauti ya puani.

Mikono kwanza, masikio baadaye

Kabla hujaichomeka, ikague. Gonga kasha kwa vifundo vya vidole pande zote. Likilia kama debe, skrubu zimelegea au mbao ni hafifu, na mtikisiko huo utausikia kwenye kila noti ya chini. Kisha tazama tundu la jeki. Lililofungwa kwa nati kwenye bati la ampu hudumu. Lililoshikiliwa na lehemu tu juu ya sakiti litaachia siku mtu atakapoukanyaga waya wako. Chomeka jeki, itikise kidogo: ikikoroma au kukatika, umeshajua.

Spika ya zamani ibonyeze polepole kwa vidole vilivyotandazwa kuizunguka katikati yake. Inatakiwa iingie na kurudi kimya. Ukisikia msuguano, koili inagusa sumaku. Nusa pia nyuma ya kasha, kwani koili au transfoma iliyoungua huacha harufu isiyotoka upesi. Skrubu zenye vichwa vilivyolika zinakuambia ampu imeshafunguliwa, nawe uliza ilifunguliwa kwa nini.

Sasa iwashe, volumu ikiwa sifuri. Mvumo mdogo si neno. Mvumo mzito usiopungua hata pale kila kitu kimeshushwa ni dalili kwamba kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Hapo shusha bei au ondoka. Lakini nobu zinazokwaruza ukizizungusha zisikutishe: mara nyingi ni vumbi tu, na dawa ya kusafishia hulimaliza.

Jaribio la sauti

Nenda na gitaa lako mwenyewe. Zima ekko, korasi na madoido yote, maana ndiyo yanayoficha kasoro. Weka besi, mido na trebo katikati. Piga nyuzi za chini kwa nguvu huku ukipandisha volumu kidogo kidogo, usikilize ni wapi sauti inaanza kuchanika. Ikichanika kabla ya nusu, iache. Kisha panda juu ya shingo ya gitaa, upige mzunguko wa sebene kama unavyopiga kazini. Noti za juu zitoke zote kwa uzito ule ule. Ampu mbaya huzimeza nyingine na kupayuka na nyingine.

Usihukumu ukiwa umesimama juu yake. Trebo husafiri mbele moja kwa moja, ikapita kwenye magoti yako badala ya masikio. Mpe mwenzako gitaa, rudi nyuma hatua kadhaa, uchutame. Hapo ndipo utakaposikia wanachosikia walioko ukumbini.

Umeme na waya

Soma kibandiko cha nyuma. Tanzania umeme ni volti 230, Kenya 240. Ampu iliyotoka Marekani ikiwa na maandishi ya volti 120 itaungua ukiichomeka bila transfoma ya kushushia. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 ni bora kwa shughuli za jenereta, kwa kuwa huvumilia umeme unaopanda na kushuka. Tazama pia fyuzi: inayofunguliwa kwa nje ni afadhali, na mbili za akiba zenye namba ile ile zikae mfukoni mwa begi.

Pini ya ethi usiikate kamwe, hata mvumo ukikukera. Ampu ikikosa ethi na maikrofoni ikawa kwenye mtambo wenye ethi, mdomo wako ukigusa maikrofoni wakati mkono uko kwenye nyuzi, wewe ndiye waya.

Ukumbi mkubwa ampu ndogo haiuwezi peke yake, hivyo sehemu ya kutolea sauti kwenda mikisa ina thamani kuliko madoido ishirini. Bora ni ile ya laini yenye kuiga sauti ya spika. Tundu la hedifoni linaweza kusaidia, ila ni la stereo: jeki ya mono ikiingia humo inapiga shoti upande mmoja, kwa hiyo tafuta waya unaofaa. Tundu la spika ya nje nalo lisiende kwenye mikisa kabisa, litaiunguza. Na ukiongeza spika, usishuke chini ya omu zilizoandikwa. Ampu ya omu 8 ikibebeshwa omu 4, transista hupitisha umeme kupita uwezo wake, zikafa.

Hukumu

Ampu iliyopita hapo ipeleke zoezini, uipigie mazoezi yote, drams na tarumbeta zikiwepo. Iinue juu ya kiti, iinamishe kidogo ikutazame. Ukipata sauti yako, weka alama za utepe kwenye nobu, kwa sababu usiku wa shughuli hutakuwa na muda wa kutafuta.

Rangi iliyochubuka, kitambaa kilichotoboka, nobu iliyopotea: hayo yote samehe, tena yatumie kuteremshia bei. Sauti inayochanika mapema, jeki inayotikisika na umeme usioeleweka usivisamehe hata kimoja, hata ukipewa bure. Anayekuja na ampu kuu na ndogo aliyoikagua hivi ana uhakika wa kumaliza kazi na kulipwa. Na mwenye ukumbi akitaka bendi wiki ijayo, humpigia simu yule ambaye muziki wake haukukatika.