Umbo la Mbawakawa Bado ni Ushahidi

Familia ya mbawakawa wa ardhini, Carabidae kwa jina la kisayansi, ina spishi zipatazo 40,000 duniani. Wengi wao ni weusi au wa kahawia, wana miguu mirefu ya kukimbilia, mchana hujificha chini ya mawe na magogo, usiku hutoka kuwinda. Kumtambua mdudu wa familia hii si kazi kubwa. Kazi ipo katika kuwatenganisha ndugu wa karibu. Pterostichus nigrita alipewa jina na Paykull mwaka 1790, na P. rhaeticus akaelezwa na Heer mwaka 1837. Hata hivyo, nchini Uingereza wawili hao walihesabiwa kuwa spishi moja mpaka Martin Luff alipoandika mwaka 1990 kwamba rhaeticus yumo nchini humo, na kwamba amekuwa akichanganywa na mwenzake. Wote ni weusi, wote wana urefu wa karibu sentimita moja, wote hupenda mahali penye unyevu. Kinachowabainisha kwa uhakika kimo katika viungo vya uzazi. Kwa sababu ya visa kama hiki, wako wanaosema umbo limepitwa na wakati, DNA ndiyo ishike usukani. Naona vinginevyo. Umbo ni ushahidi wa kutegemewa kwa masharti mawili: lipimwe kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kuikosoa, na lipimwe mahali pa mwili panapohusika na kuzaliana.

Sharti la kwanza lina historia ndefu. Kwa miaka mingi vitabu vya utambuzi viliandika kwamba spishi fulani ina kidari kipana zaidi au mabega ya mviringo zaidi, bila kusema ni kwa kiasi gani. Mwaka 1936 R. A. Fisher alionyesha njia ya kuunganisha vipimo kadhaa kuwa kigezo kimoja cha kutenganisha makundi. Alitumia maua ya iris, spishi 3 zenye maua 50 kila moja, na vipimo 4 kwa kila ua. Spishi moja ilijitenga kabisa; mbili zilizobaki ziliingiliana kwa kiasi fulani. Matokeo hayo yalikuwa na thamani kwa sababu yalitaja wazi kiasi cha kuingiliana. Lakini urefu na upana vinabeba ndani yake ukubwa wa mwili, na kwa mbawakawa ukubwa ni shahidi dhaifu. Mbawakawa akishatoka kwenye hali ya bundo haongezeki tena. Ukubwa wake wa maisha hutegemea sana alivyokula akiwa buu. Ndugu wawili wa mama mmoja wanaweza kupishana kwa ukubwa kwa sababu ya chakula tu.

Njia iliyoenea tangu miaka ya 1990, baada ya kazi za Fred Bookstein na James Rohlf, inajaribu kuutenga ukubwa na umbo. Mdudu hulazwa bapa, hupigwa picha kutoka juu, kisha alama huwekwa kwenye kompyuta: pembe mbili za mbele za ngao ya kidari, pembe zake mbili za nyuma, pale mstari wa kati unapokutana na ukingo wa mbele na wa nyuma, na ncha za mabawa magumu. Programu huzisogeza alama za wadudu wote kwenye kitovu kimoja, huzilinganisha ukubwa, halafu huzizungusha mpaka zikaribiane kadiri inavyowezekana. Tofauti inayobaki ndiyo umbo. Hapo mpimaji anatakiwa kuwa mwangalifu. Pembe ya nyuma ya kidari ni ileile kwa kila mdudu, lakini mahali kidari kilipo kipana zaidi ni nukta ya kukadiria, haina mshono wala kinyweleo cha kuishikilia. Kwa kuwa kidari kimebinuka, mdudu akiinama kidogo tu picha hubadilika, na kosa la mkono hugeuka kuwa tofauti ya spishi. Dawa yake ni kumlaza kila mdudu upya, kumpiga picha mara ya pili na kutangaza kosa la upimaji. Madume na majike nao wachambuliwe kando. Katika spishi nyingi dume hujulikana kwa vidole vya miguu ya mbele vilivyopanuka.

Wakosoaji wana hoja nzito kuhusu hesabu zenyewe, na wanastahili jibu. Alama 15 kwenye picha bapa huacha vipimo huru 26 vya umbo. Mtu mwenye wadudu 20 wa kila spishi akivitia vipimo vyote hivyo kwenye uchambuzi wa kutenganisha makundi, makundi yatatengana hata kama wadudu wote ni wa spishi moja, kwa kuwa hesabu yenyewe imeagizwa kutafuta utengano. Ni kweli. Lakini hilo linamhukumu mpimaji mvivu na kuliacha umbo bila hatia. Vipimo vipunguzwe kwanza, kisha kila mdudu atolewe kwa zamu na kuainishwa kwa kanuni iliyotengenezwa bila yeye. Kundi likitambulika kwa njia hiyo, na wadudu wa bonde jingine ambao hawakushiriki kabisa wakatambulika pia, kuna kitu cha kweli kinachopimwa.

Sharti la pili linaonekana vizuri Japani, kwa mbawakawa wa Carabus wa kundi la Ohomopterus. Hawaruki, hivyo mto au mlima unatosha kuwatenga. Kwa nje spishi nyingi hufanana mno. Ndani ya kiungo cha dume, hata hivyo, kuna kipande kigumu kinachotokeza wakati wa kujamiiana na kuingia katika kifuko maalumu mwilini mwa jike, na umbo la kipande hicho hutofautiana wazi kati ya spishi na spishi. Mwaka 1998 Teiji Sota na Kohei Kubota walichapisha matokeo ya kuwakutanisha C. maiyasanus na C. iwawakianus, spishi mbili zinazopakana. Baadhi ya majike waliopandwa na madume wa spishi nyingine walichanika utando wa ndani na kufa. Waliosalia walitungisha mayai machache. Baadhi ya madume walivunjika vipande vyao. Kwa hiyo umbo hilo halikuwa alama iliyochaguliwa na mtaalamu kwa urahisi wake. Ni sehemu ya kizuizi chenyewe kinachozifanya spishi mbili zibaki mbili. Anayelipima anapima mpaka wa spishi kwa karibu zaidi kuliko anayepima upana wa kidari.

DNA ingetoa jibu lilelile kwa haraka zaidi? Kwa kundi hilihili, mara ya kwanza haikutoa. Jeni za mitokondria zilionyesha kwamba mbawakawa wa spishi tofauti wanaoishi eneo moja wako karibu zaidi kuliko wenzao wa spishi moja walio mbali. Syozo Osawa na wenzake walisoma hayo kama dalili kwamba maumbo yaleyale yamejitokeza mara nyingi katika nasaba tofauti. Mwaka 2001 Sota na Alfried Vogler walilinganisha jeni za mitokondria na za kiini cha seli, wakakuta hazikubaliani. Sababu inaeleweka: mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Jike chotara akizaa na dume wa spishi ya baba, na mabinti zake vivyo hivyo kwa vizazi, urithi wa kiini huishia kuwa wa baba huku mitokondria ikibaki ya bibi wa spishi nyingine. Mtu aliyetegemea mitokondria peke yake angeziweka spishi mahali pasipo pake.

Umbo nalo lina mipaka, na mfano uko kwetu. Mbu Anopheles gambiae na An. arabiensis, wote wapatikanao Tanzania na Kenya, hawatenganishwi kwa uhakika kwa kuwatazama; tangu 1993 kipimo cha DNA ndicho kinachotumika sana. Kuwatenganisha ni muhimu, maana arabiensis huuma ng'ombe na hutafuta damu nje ya nyumba zaidi, kwa hiyo chandarua pekee hakimtoshi. Mfano huu hauniangushi hoja. Unathibitisha kwamba hakuna ushahidi mmoja unaofaa kwa kila kundi.

Kwa vijana wanaoainisha wadudu katika vyuo na makumbusho ya Afrika Mashariki, ushauri wangu ni huu. Anzeni na vielelezo vilivyokwisha kukusanywa, ambavyo vingi ni vya zamani na DNA yake imeharibika. Pasueni viungo vya uzazi kabla ya kupima kidari, hifadhini picha zenye rula ya kipimo, chapisheni vipimo ghafi ili wengine wavirudie, kisha linganisheni na jeni za kiini. Jina la spishi lililopita mitihani yote hiyo ndilo la kuandikwa kwenye lebo.