Songo Mnara: Utulivu Uliojengwa Ukutani

Anayetaka nyumba yake imtulize siku hizi hupewa orodha ya manunuzi: sofa, kapeti, pazia zito, dari la jipsamu lenye taa za rangi. Mafundi wa Songo Mnara walianzia kwingine. Walianza na mlango, wakaja kwenye ua, kisha upana wa chumba na unene wa ukuta. Vyombo vilikuja mwisho, tena vikiwa vimeshatengewa mahali pake. Naamini njia yao ndiyo sahihi, na mwambao wa Lindi una kila sababu ya kuirudia.

Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani. Mji wake wa mawe ulistawi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16, kisha ukaachwa. Kwa kuwa hakuna mji mwingine uliojengwa juu yake, ramani za nyumba zinasomeka mpaka leo: nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi na uwanja wa wazi katikati. UNESCO iliuingiza pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikauweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuutoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Peter Garlake alizichambua nyumba hizi katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya majengo ya kale ya mwambao, na kuanzia mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliongoza uchimbaji uliotazama hasa maisha ya ndani ya nyumba.

Tuanze na kuingia. Katika nyumba nyingi za pale mgeni hakutumbukia sebuleni moja kwa moja. Alipita mlangoni, akafika kwenye ua uliochimbwa chini ya usawa wa vyumba, wenye ngazi za mawe pembeni. Ngazi hizo zilifanya kazi mbili, kupandia na kukalia. Mgeni wa biashara aliweza kuketi hapo, akapata kivuli na maneno mazuri, bila kuona kitanda cha mtu. Aliyekaribishwa zaidi alipanda kwenye chumba kirefu cha mbele. Nyuma yake kilifuata chumba kingine, kisha cha ndani kabisa, kilicho mbali na macho na kelele. Kila hatua ilimpunguzia mwenye nyumba ulimwengu wa nje. Faragha hapa haikutegemea pazia wala funguo. Ilitokana na umbali na mpangilio wa milango, na ndiyo iliyomwezesha mama aliyejifungua, mgonjwa au mchovu kupumzika huku wageni wakipokewa kwa heshima zote.

Upana wa vyumba nao una kisa chake. Paa lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, likibebwa na boriti za mikoko. Boriti ikizidi urefu fulani haihimili uzito huo, hivyo chumba kilikwenda urefu wowote lakini upana ukabaki karibu mita 2.5 hadi 3. Hata Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman pale Kilwa Kisiwani, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, halikukwepa kipimo hicho katika vyumba vyake vya kawaida. Kilichoanza kama kikwazo cha mti kikageuka kuwa faida. Katika chumba chembamba watu wanaokaa kuta mbili zinazotazamana wanasikizana bila kupaza sauti.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu na udongo wa chokaa. Kwa miimo ya milango na mapambo walitumia matumbawe laini yaliyokatwa baharini, kwani yakiwa mabichi yanachongeka kwa urahisi, na yakikauka yanakuwa magumu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuyazimua kwa maji na kuyaacha yalainike. Ukuta mnene wa namna hii hupokea joto la mchana polepole, na ndani hubaki baridi saa ambazo jua la nje haliangaliki. Lipu nyeupe ikasaidia upande wa mwanga: mwanga ulioingia kupitia uani ulirushwa na ukuta mmoja hadi mwingine, ukafika ndani ukiwa mpole.

Sasa tusogelee ukuta. Katika baadhi ya vyumba utaona safu ya matundu madogo yaliyopangwa sawasawa, juu ya kimo cha mtu. Humo viliingizwa vigingi vya mti vya kutundikia vitambaa au mazulia. Karibu na milango kuna vidaka vilivyochongwa kwa ustadi, vya kuwekea taa au chombo cha thamani. Tazama hekima ya jambo hili. Fundi hakumchagulia mwenye nyumba kitambaa wala bakuli, ila alimwachia mahali pa kuweka chake. Ukuta ulikuwa wa fundi, kilichotundikwa kikawa cha familia, kikibadilishwa siku ya arusi au msiba. Nyumba huwa ya mtu kwa njia hiyo. Lamu waliuendeleza ufundi huu katika karne ya 18 kwa kujaza ukuta mzima wa ndani vidaka vya lipu iliyonakshiwa.

Asije mtu akasema huo ni utulivu wa matajiri wa mawe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake, na nyumba alizozieleza zilikuwa za miti. Nyumba ya kukandika udongo na kuezeka makuti, ambayo bado ipo vijijini kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi, inafuata kanuni zilezile: baraza mbele kwa wapita njia, ukumbi katikati, vyumba pembeni, ua nyuma kwa jiko na mazungumzo ya ndani. Makuti hayashiki joto kama bati. Mkeka uliosukwa ukili kwa ukili na kushonwa kwa mkono, wenye rangi alizozichagua mshonaji mwenyewe, unafanya kazi ya zulia la Songo Mnara.

Tulichopoteza ni mpangilio huo. Nyumba nyingi mpya za bloku pale Kilwa Masoko zina mlango unaofungukia katikati ya sebule, bati lisilo na dari, na taa moja nyeupe kali inayomulika kila pembe. Mchana joto la bati linamshukia mtu kichwani, usiku hakuna kona ya kujitenga. Sofa haiwezi kuponya kosa hilo.

Hatuhitaji kukata mikoko, ambayo leo ni misitu ya hifadhi, wala kuvunja matumbawe. Anayejenga aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, ili ubavu mfupi ndio upokee jua la asubuhi na la alasiri. Madirisha yatazamane, upepo wa kusi na kaskazi upate pa kuingilia na pa kutokea. Fedha ya kwanza baada ya bati iende kwenye dari. Baraza lirudi, liwe na kivuli na pa kukaa, na kati ya mlango na vyumba vya kulala pawe na ukumbi. Fundi akiwa bado anapanga tofali, mwambie aache vidaka viwili vitatu na apachike vigingi vya kutundikia. Ndani weka taa ndogo za mwanga wa njano, chini ya kimo cha macho, mahali pa ile moja ya darini.

Aliyekwisha kujenga naye ana la kufanya. Kabati au ukuta mwepesi mbele ya mlango unakata macho ya nje. Kanga ya mama au mkeka wa bibi ukutani unasema wazi zaidi hii ni nyumba ya nani kuliko picha ya dukani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akikuletea ramani, muulize kwanza mgeni ataketi wapi, mgonjwa atalala wapi, na upepo utapita wapi. Akikosa majibu, mrudishie ramani yake kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji.